Kila Ombi na Uzi Wake: Yaliyonipata Nikijifunza Java ya Wavuti

Watu wawili walibonyeza kitufe cha Tuma karibu kwa wakati mmoja, na mmoja wao akashukuriwa kwa jina la mwenzake.

Hiyo ilikuwa programu yangu ya kwanza ya wavuti kutumiwa na watu nisiowajua. Kazi yake ilikuwa nyepesi: mtu anaandika jina lake na barua pepe yake, anachagua siku na saa ya miadi, anatuma, kisha ukurasa unamjibu kwamba miadi imepokelewa. Nilikuwa nimeijaribu kwa wiki tatu. Niliingiza majina mafupi na marefu, nikaacha nafasi tupu makusudi, nikaweka tarehe zilizokwisha kupita. Kila kitu kilikwenda sawa. Siku ya pili tangu watu waanze kuitumia, nikaletewa picha ya skrini. Jina lililokuwa juu ya ukurasa halikuwa la aliyeileta, wala saa haikuwa ile aliyoichagua. Alikuwa amelipigia jina lile mstari mwekundu, na chini yake ameandika: huyu ni nani?

Nilishikwa na hofu. Jina la mtu na saa ya miadi yake ni mambo yake mwenyewe, na programu niliyoiandika kwa mikono yangu ilikuwa imempa mtu mwingine ayasome.

Nilifungua msimbo. Juu kabisa ya klasi iliyopokea fomu (klasi ni kiolezo ambacho lugha ya Java hutumia kuunda objekti, yaani vitu vinavyofanya kazi programu ikiendeshwa) kulikuwa na mistari hii miwili:

private String jina;
private String saa;

Methodi ya kupokea fomu, yaani kipande cha msimbo cha kazi hiyo, iliweka jina na saa kwenye vigeu hivyo, yaani visanduku vya kuwekea thamani, ikahifadhi miadi kwenye hifadhidata, ikatuma barua pepe ya uthibitisho, halafu ikaandaa jibu kwa kusoma vigeu vilevile. Niliusoma msimbo huo mara nyingi nisione kosa. Niliusoma kama mtu anavyosoma hadithi, mstari baada ya mstari, mhusika mmoja mwanzo mpaka mwisho. Kwa usomaji huo, msimbo ule hauna kasoro yoyote.

Inabidi nirudi nyuma kidogo nieleze nilivyofika hapo. Java nilianza kuisoma kwa njia ya kawaida: vigeu, masharti, vitanzi, kisha klasi na objekti. Kwa miezi kadhaa niliandika programu ndogondogo za kuendeshwa kwenye dirisha la amri. Programu ya namna hiyo huanzia kwenye methodi ya main, hufanya kazi yake, ikaisha. Mtumiaji ni mmoja. Ukiandika kitu kwenye kigeu, kitakaa hapo mpaka wewe mwenyewe ukibadilishe. Nilijenga mazoea hayo bila kujua kwamba ni mazoea. Niliyachukua kuwa ndiyo hali ya mambo.

Kutoka hapo niliruka moja kwa moja hadi Spring Boot, fremuweki ya Java, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa ambao unajenga programu yako ya wavuti juu yake. Sijutii kuitumia, ni chombo kizuri sana. Tangu toleo lake la kwanza mwaka 2014, kimewapunguzia watu siku nyingi za kuandika mafaili ya usanidi. Unaweka anotesheni moja (alama inayoanza na @, ya kuiambia Spring ikitumieje kipande hicho) juu ya klasi, nyingine juu ya methodi, unaendesha, na baada ya sekunde chache kuna seva inayosikiliza kwenye poti ya 8080. Lakini wepesi huo ulinifanya nisiulize maswali. Niliona RestController imeandikwa juu ya klasi za watu, nami nikaiandika juu ya yangu. Niliona Autowired, nikaiweka. Ikifanya kazi, ninaendelea. Isipofanya kazi, ninabadilisha anotesheni.

Aliyenitoa kwenye hali hiyo ni dada mmoja aliyekuwa ameandika Java kwa miaka mingi kabla yangu. Nilimtumia klasi ile pamoja na ile picha ya skrini, nikitarajia aniambie nibadilishe mstari gani. Badala yake akaniuliza.

"Mdogo wangu, seva inaunda objekti ngapi za klasi hii?"

Nilimjibu kwamba kila mtu anapotuma fomu, anaundiwa ya kwake.

"Nani alikuambia?"

Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa nimedhani tu, na dhana hiyo ndiyo niliyoijengea programu nzima. Akaniambia niweke Spring Boot kando kwa wiki moja, nishushe Tomcat, seva ya kuendeshea programu za Java za wavuti, niandike sevleti moja kwa mkono, kisha nirudi nimjibu swali lake kwa kitu nilichokiona kwa macho.

Sevleti ni kitu cha zamani katika Java. Lugha yenyewe ilitangazwa na Sun Microsystems mwaka 1995, na miaka miwili baadaye sevleti zikawa zimekwisha kuwepo. Ni klasi ya kawaida inayorithi HttpServlet, yenye methodi kama doGet na doPost, ambazo seva huziita kila ombi, yaani ujumbe wa kivinjari kwa seva, linapofika. Karibu kila ukurasa ambao Spring Boot huutoa kwa usanidi wake wa kawaida unapita kwenye sevleti iliyoko chini, iitwayo DispatcherServlet. Nilikuwa nimeitumia kwa miezi bila kujua kwamba ipo.

Kabla sijalifikia swali lenyewe, nilikwama siku mbili. Niliandika sevleti yangu kwa kufuata mafunzo niliyoyapata, nikaiweka kwenye Tomcat 10, nikafungua kivinjari, nikapata 404, yaani ukurasa haupatikani. Hakuna kosa lililoandikwa kwenye kumbukumbu za seva. Anwani ilikuwa sahihi, faili lilikuwa mahali pake, klasi ilikompaili bila lawama. Nilibadilisha anwani mara nyingi. Nilifuta kila kitu nikaanza upya.

Shida ilikuwa neno moja kwenye mstari wa import, ule unaotaja klasi za nje zinazotumika. Mafunzo yale yaliandikwa wakati ambapo paketi za sevleti, yaani mafungu ya klasi zake, zilianza na javax. Mwaka 2017 Oracle ilitangaza kuukabidhi mradi wa Java EE, ambamo sevleti zimo, kwa Eclipse Foundation, na mwaka uliofuata mradi ukapewa jina la Jakarta EE. Kwa kuwa jina la Java ni alama ya biashara ya Oracle, paketi nazo zikabidi zibadilishwe, na katika Jakarta EE 9 ya mwaka 2020 javax.servlet ikawa jakarta.servlet. Tomcat 9 inaelewa la zamani, Tomcat 10 inaelewa jipya. Sevleti yangu ilikuwa na anotesheni ya javax, na Tomcat 10 ilipokuwa ikitafuta sevleti, ilitafuta za jakarta tu. Ikaipita yangu kama haipo. Ndiyo maana hakukuwa na kosa lolote: kwa upande wa seva, hakuna kilichoharibika.

Ninalieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu bado linawakwamisha watu wengi wanaoanza. Mafunzo ya Java ya wavuti ni mengi mno, na sehemu kubwa yaliandikwa kabla ya mabadiliko hayo. Spring Boot 3, iliyotoka Novemba 2022, nayo ilihamia jakarta na ikataka Java 17 au zaidi. Mtu akichukua nusu ya msimbo kwenye mafunzo ya zamani na nusu kwenye mapya, atapata makosa yasiyo na maelezo. Tangu siku hizo, kabla sijasoma mafunzo yoyote, ninaangalia kwanza mistari ya import.

Sevleti ilipokubali, niliweka mistari miwili ndani ya doGet. Mmoja uliandika jina la uzi (thread, mfuatano mmoja wa utekelezaji; seva huendesha nyingi kwa wakati mmoja) unaoshughulikia ombi, kwa Thread.currentThread().getName(). Mwingine uliandika namba ya utambulisho wa objekti yenyewe, kwa System.identityHashCode(this). Nikafungua ukurasa kwenye kivinjari, nikauita tena na tena, kisha nikafungua kivinjari cha pili na simu.

Jina la uzi lilibadilika: http-nio-8080-exec-1, kisha exec-2, kisha exec-5. Namba ya objekti haikubadilika hata mara moja. Kivinjari kingine, namba ileile. Simu, namba ileile.

Nilibaki nikiangalia skrini ile kwa muda mrefu. Objekti ilikuwa moja. Tomcat iliiunda mara moja, ikaita init, methodi yake ya kuanzia, mara moja, na kuanzia hapo kila mtu aliyekuja alihudumiwa na objekti hiyohiyo. Kilichotofautiana ni uzi: kila ombi linapofika, seva huchukua uzi mmoja kutoka kwenye akiba yake na kuutuma ukaitekeleze methodi. Kwa usanidi wa kawaida Tomcat hutumia nyuzi hadi 200. Maana yake ni kwamba watu 200 wanaweza kuwa ndani ya methodi yangu kwa wakati mmoja, wote wakiishika objekti moja yenye kigeu kimoja kiitwacho jina. Klasi za Spring nazo, usipoagiza vinginevyo, huundwa moja tu kwa programu nzima.

Hapo nikaiona miadi ile ilivyoharibika. Mtu wa kwanza ametuma fomu, uzi wake umeweka jina lake kwenye kigeu, umehifadhi miadi, sasa unatuma barua pepe, kazi ya sekunde moja au mbili. Katika sekunde hizo mtu wa pili anatuma. Uzi wake unaandika jina lake juu ya lile la kwanza. Barua pepe ya mtu wa kwanza inakwisha, uzi wake unasoma kigeu ili uandae jibu, na unachokikuta ni jina la mtu wa pili. Nilipokuwa nikijaribu peke yangu kwa wiki tatu, kosa hilo lisingeweza kutokea hata kama ningejaribu mwaka mzima.

Kulirekebisha kulikuwa kazi ya dakika moja: nikavihamisha vigeu vile viwili vikawa ndani ya methodi. Kigeu cha ndani ya methodi ni cha uzi unaoitekeleza methodi hiyo, uzi mwingine haukigusi.

Nilipomrudia dada yule na jibu, akaniambia nichukue karatasi niandike kila kitu kilichomo kwenye programu yangu, na mbele ya kila kimoja niandike kinaishi muda gani na nani wanakishiriki. Zoezi hilo lilinichukua jioni nzima na lilinifundisha kuliko kozi yoyote niliyowahi kusoma. Vigeu vya ndani ya methodi: vinaishi wakati wa mwito mmoja, havishirikiwi. Objekti ya ombi: inaishi mpaka jibu litoke. Sesheni, kumbukumbu ambayo seva huweka kuhusu mtumiaji: inaishi kwa mtu mmoja kutoka ombi hadi ombi, na Tomcat humtambua mtu huyo kwa kuki (kipande kidogo cha data kwenye kivinjari) iitwayo JSESSIONID; akikaa kimya dakika 30 bila kufanya chochote, kwa usanidi wa kawaida sesheni inafutwa. Sevleti na klasi za huduma: zikishaundwa zinaishi hadi seva inazimwa, na ni za wote. Vigeu vya static, vile vya klasi yenyewe badala ya objekti: hivyo hivyo.

Baada ya zoezi hilo nilidhani sesheni ndiyo jibu la kila jambo, nikaanza kuweka humo data ya fomu ndefu za hatua tatu. Nikagundua kwamba mtu mmoja anaweza kufungua vichupo viwili vya kivinjari. Vyote viwili vina kuki moja, kwa hiyo sesheni ni moja, na kichupo cha pili kinafuta alichojaza kwenye cha kwanza. Ni kosa lilelile, safari hii mtu anajiharibia mwenyewe. Siku hizi sesheni ninaiwekea vitu vichache sana: huyu ni nani, amechagua lugha gani, basi.

Kuna kosa jingine ambalo ninalikumbuka zaidi kwa sababu lilitoka ndani ya lugha yetu wenyewe. Nilikuwa nikiandika amri za hifadhidata kwa kuunganisha maneno: nusu ya amri, halafu jina la mtu kati ya alama mbili za kunukuu, halafu nusu iliyobaki. Majina yote niliyojaribu yalipita. Kisha akaja mtu ambaye jina lake lina ng', ile sauti ya ng'ombe. Hifadhidata ilipofika kwenye kile kistari cha juu ikaona nukuu imefungwa hapo, na herufi zilizobaki za jina zikawa sehemu ya amri isiyoeleweka. Ukurasa ukaanguka na kosa namba 500.

Tiba yangu ya kwanza ilikuwa mbaya: niliandika msimbo wa kukiondoa kile kistari. Mtu akaandikwa kwenye orodha kwa jina lisilo lake, kwa kuwa ng na ng' ni sauti mbili tofauti. Nilipolifikiri vizuri likanikera. Programu iliyoandikwa na mtu anayesema Kiswahili haiwezi kuandika jina la Kiswahili?

Tena kosa lenyewe lilikuwa dirisha la hatari kubwa. Kama kistari cha jina la kweli kinaweza kuivunja amri, basi mtu mwenye nia mbaya anaweza kuandika kistari hicho makusudi na kufuatisha amri yake mwenyewe, akasoma au kufuta jedwali zima. PreparedStatement ndiyo njia iliyo sahihi. Unaandika amri ukiacha alama ya kuuliza mahali pa data, kisha data unaikabidhi kando kwa setString. Hifadhidata inaichukua kama data tu, haitakuwa amri hata ikiwa na vistari kumi. Mtu yule akaandikwa kwa jina lake kamili, na hadi leo jina lenye ng' ndilo la kwanza ninaloliingiza kwenye kila fomu ninayoiandika.

Hifadhidata ilinipa darasa jingine, la umri wa vitu vilevile. Programu ilianza kuganda. Mtu anatuma fomu, kivinjari kinazunguka, na baada ya nusu dakika kosa linatoka. Nikiizima na kuiwasha, inapona. Baada ya muda inaganda tena. Nilidhani ni mtandao, kisha nikadhani ni kumbukumbu ya mashine. Siku moja nikaamua kuhesabu. Nikaiwasha upya nikatuma fomu moja moja, nikiandika alama kwenye karatasi. Ya kumi ilipita. Ya kumi na moja ikaganda. Nikaiwasha tena, nikahesabu tena: kumi na moja.

Namba isiyobadilika ni zawadi kwa mtu anayetafuta kosa. Spring Boot hutumia akiba ya miunganisho ya hifadhidata iitwayo HikariCP, na kwa kawaida akiba hiyo ina miunganisho isiyozidi 10. Kila fomu iliyotumwa ilichukua muunganisho mmoja, na msimbo wangu haukuurudisha, kwa sababu sikuwahi kuita close. Ombi la kumi na moja lilikuta akiba tupu, likasubiri sekunde 30 zilizowekwa, likakata tamaa. Tangu Java 7 ya mwaka 2011 kuna namna ya kuandika try ambayo inafungua kitu kwenye mabano na kukifunga yenyewe msimbo ukitoka hapo, uwe umetoka salama au kwa eksepsheni, yaani kosa. Nilikuwa nimeisoma kwenye kitabu nikaipita haraka, nikiona ni pambo. Sasa sifungui muunganisho wala faili kwa namna nyingine.

Halafu kuna lile la namba 128. Niliongeza ukurasa ambao mtu aliyeingia anaona miadi yake, na kabla ya kuuonyesha nililinganisha namba ya mtu na namba ya mwenye miadi, zote mbili zikiwa za aina ya Long, yaani namba nzima zilizowekwa ndani ya objekti, kwa alama ya ==. Kwa miezi ukurasa ulifanya kazi. Kisha wateja wapya wakaanza kulalamika kwamba wanaambiwa hawana ruhusa ya kuona miadi waliyoiweka wenyewe. Wateja wa zamani hawakuwa na shida yoyote. Nikapanga malalamiko kwa namba za watu: hakuna hata mmoja aliyekuwa chini ya 128.

Kwa objekti, alama ya == inauliza kama hivi viwili ni kitu kimoja kilekile kwenye kumbukumbu. Haiulizi kama vina thamani sawa; hiyo ni kazi ya equals. Na Java, ili isiunde objekti nyingi za namba ndogo, inaweka tayari objekti za Long kuanzia -128 hadi 127 na kuzitoa hizo hizo kila zinapohitajika. Kwa hiyo hadi mteja wa 127, == ilikuwa ikitoa jibu sahihi kwa bahati. Kuanzia wa 128, kila namba ilikuwa objekti mpya, na objekti mbili mpya si kitu kimoja. Jambo hili lilikuwamo kwenye sura za mwanzo kabisa za mafunzo yangu, wakati ule wa dirisha la amri, na nililijibu vizuri kwenye maswali ya mazoezi. Nililijua kwa String, aina ya maandishi, kwa kuwa ndiyo mfano unaotolewa siku zote, lakini nilipoliona kwenye Long sikulitambua.

Nisichofundishwa na mtu yeyote, na ambacho ningetamani kufundishwa wiki ya kwanza, ni kusoma kosa la Java. Kosa likitokea kwenye programu ya wavuti, seva inaandika mistari sitini, themanini, zaidi. Nilikuwa nikisoma mstari wa juu, naunakili, nautafuta mtandaoni. Mstari wa juu mara nyingi unasema tu kwamba ombi limeshindwa kushughulikiwa, jambo unalolijua tayari. Kosa lenyewe limefungwa ndani ya jingine, na hilo ndani ya jingine, kila moja likianza na maneno Caused by. Ninashuka hadi Caused by ya mwisho kabisa. Hapo ndipo chanzo kilipo. Kisha chini yake ninatafuta mstari wa kwanza wenye jina la paketi yangu, kwa sababu mistari mingi ni ya Tomcat na Spring, na si wao waliokosea. Na kwa wanaotumia matoleo mapya, tangu Java 15 ya mwaka 2020 hata NullPointerException inakutajia ni kitu gani hasa kilikuwa null, yaani kitupu. Zamani ilikupa namba ya mstari tu, ukabaki ukikisia kati ya vitu vitatu vilivyomo.

Watu hunijia wakiuliza waanzie wapi, na wengi wanataka niwape majina ya fremuweki. Mimi husema: ukishaijua lugha kwa kiasi cha kuandika klasi zako bila kunakili, kaa na sevleti wiki mbili. Usikae miezi. Hakuna sababu ya kujenga programu nzima kwa sevleti tupu mwaka huu. Wiki mbili zinatosha kuona ombi likiingia, vichwa vyake vya HTTP, tofauti ya GET na POST, kuki ikienda na kurudi, uzi ukibadilika huku objekti ikibaki. Fungua zana za msanidi kwenye kivinjari na utazame kila ombi linalopita. Andika amri za SQL kwa mkono kupitia JDBC, njia ya Java ya kuzungumza na hifadhidata, kabla ya kuiachia maktaba kama Hibernate ikuandikie. Baada ya hapo ingia Spring Boot bila woga wowote, na kila anotesheni utakayokutana nayo utakuwa na mahali pa kuiweka kichwani. Ninajua wapo wanaosema hatua hiyo ni kupoteza muda. Mimi niliiruka, na walioumia ni watu waliokuwa wameniamini na majina yao.

Mwaka mmoja baada ya ile picha ya skrini, nilirudi kwenye programu ile ya miadi kuandika jaribio ambalo lingelikamata kosa lile. Nilitaka nilione kwa macho. Niliunda nyuzi 50, kila moja ikiwa na jina lake, Mtu-1 hadi Mtu-50, nikazisimamisha zote nyuma ya CountDownLatch kama wakimbiaji kwenye mstari, kisha nikaziachia kwa pamoja. Kila moja ilituma fomu yenye jina lake na kukagua kama jibu lililorudi lina jina hilohilo. Mahali pa barua pepe niliweka usingizi wa sekunde moja.

Kwanza niliirudisha klasi ya zamani kama ilivyokuwa, na vile vigeu viwili vya juu. Majibu 49 yalikuwa na jina lisilo lake. Wote hamsini walikuwa wameshukuriwa kama Mtu-37.

Nikairejesha klasi iliyorekebishwa, nikaliendesha tena. Hamsini kwa hamsini. Jaribio hilo nimeliacha ndani ya mradi, na Maven, chombo cha kujengea mradi, hulipitisha kila ninapojenga toleo jipya, hata kama nilichobadilisha ni rangi ya kitufe.